Siku Diski ya Mababu Ilipovuliwa Ulos

Sogeeni, enyi mnywao kahawa, nanyi mpitao mkijifanya mna haraka. Acheni sataranji, tueni vikombe, mtu azime hiyo redio inayokoroma, kwa maana leo nasimulia vita. Si vita vya mikuki wala vya mizinga, bali vita vilivyopiganwa juu ya meza moja ya mbao hapa Balige, mji wetu wa kando ya ziwa, kati ya duka la majeneza na kibanda changu cha kahawa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri ya siku ya Jumatano. Na mimi Togar, mchemsha kahawa, nilikuwapo, nikaona kwa macho yangu mawili, na sinia langu lilikuwamo vitani. Habari ya sinia mtaisikia mahali pake.

Ewe kahawa nyeusi ya milimani, uliyeniamsha kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili, nipe ulimi. Wala usinipe kiasi, kwa sababu wenye kiasi walikuwapo pia siku ile na hawakuona kitu, wakasema eti ni kompyuta tu imeharibika.

Naanza na shujaa. Jina lake Rumondang, fundi wa kompyuta, Mshika Bisibisi Nyembamba, Mfufua Simu Zilizotumbukia Ziwani, ambaye printa zote za mji huu zimjuazo huanza kuchapa akiingia tu mlangoni. Umri wake miaka thelathini na minne, miwani yake imefungwa kwa karatasi ya gundi upande wa kushoto, na mfuko wake wa shati haukosi karanga. Lakini silaha yake kuu haikuwa bisibisi. Silaha yake ilikuwa ulimi. Mteja akimletea kompyuta iliyomwagikiwa supu, humkemea kwanza mpaka masikio yawe mekundu, ndipo agusapo skrubu. Na watu wamezoea hivyo, hata wapo waaminio kwamba kompyuta haiponi kama mwenyewe hajakemewa. Nami ni mmoja wao.

Basi, asubuhi ile alikuja mzee mmoja kwa miguu, mrefu, kofia kichwani, amekumbatia kifuani kitu kilichofunikwa kwa ulos, shuka nzito, nyekundu na nyeusi, ile ya kufumwa kwa mkono ambayo hapa kwetu mtu huvikwa mabegani siku akumbukwapo na ndugu zake. Nyuma yake alifuata mkewe na mwavuli. Walitembea polepole, kama wabebao kichanga kilicholala. Monang, jirani yangu muuza majeneza, akainuka akavua kofia, kwa heshima na kwa matumaini.

"Horas!" akanguruma mzee.

"Horas, mzee," Rumondang akajibu. "Mjukuu huyo? Anaumwa?"

"Si mjukuu. Ni mababu."

Akaweka mzigo mezani, akafunua ncha ya ulos, nasi sote tukachungulia. Humo ndani ilikuwamo diski ya kompyuta, nyeusi, ukubwa wa kitabu cha sala, na waya wake unaning'inia kama mkia. Monang akavaa kofia yake, akarudi kukaa.

Sasa, sikilizeni. Kwingine fundi huuliza kifaa kina nini. Kwetu fundi hagusi kitu kabla hajajua anamgusia nani, kwani pasipo kujua ukoo hujui hata umwite mtu nani. Mzee akavuta kiti.

"Mimi Jahormat, nilifundisha jiografia miaka thelathini na sita. Huyu mke wangu, Mama Saur. Wewe ukoo gani, binti?"

Rumondang akautaja ukoo wa baba yake. Mzee akatafuta njia, asiione. Akauliza ukoo wa mama. Rumondang akautaja, pamoja na kijiji ng'ambo ya ziwa, na mara mzee akauchapa uso wa meza kwa kiganja.

"Huo ukoo wangu! Mama yako kizazi cha ngapi?"

"Cha kumi na tano, mzee."

"Na mimi wa kumi na tano! Basi mama yako ni dada yangu! Usiniite mzee tena, mimi ni mjomba wako!"

Masikini shujaa wetu! Wateja wa kibandani kwangu walipiga makofi, lakini mimi nilitazama uso wake nikaelewa. Mjomba hakemewi. Mjomba ndiye baraka itokapo. Ukimtolea neno kali, mpunga wako hupukutika, ng'ombe wako huharibu mimba, na kompyuta zako sijui hufanywa nini. Kabla hata mshale mmoja haujarushwa, Rumondang alikuwa amekwisha kunyang'anywa upanga wake.

"Mama hajambo?" mjomba akauliza.

"Mama hayupo, mjomba. Mwaka wa sita huu."

"Pole sana, mwanangu. Aliitwa nani?"

"Ruslina."

Mzee akafumba macho. "Ruslina. Nimeandika akina Ruslina saba. Wote wamo humu ndani, kila mmoja na habari yake. Ila nani ni yupi, sikumbuki tena. Ndiyo maana niliandika."

"Umeandika na wanawake?" Rumondang akauliza, na mkono wake uliokuwa ukienda mfukoni kutafuta karanga ukasimama njiani.

"Wote! Miaka kumi na mmoja, kijiji kwa kijiji, pikipiki yangu mpaka ikazeeka kuliko mimi. Vizazi kumi na vinane. Watu elfu moja mia nane arobaini na sita. Jumamosi tunazindua mnara wa babu yetu, na mchonga mawe anaanza kuchonga majina kesho asubuhi. Wazee wenzangu wamenicheka: binti huolewa akaenda zake, jiweni wa nini? Nikawaambia haya, jiweni chongeni wanaume wenu. Mimi nina kitabu changu, na kitabuni mabinti wangu watakaa."

"Na sasa diski haifunguki," Mama Saur akamalizia. "Tangu jana inalia tik, tik, tik. Hata kula hajala."

"Madaftari ya zamani yapo?"

"Nilifungia karanga," akasema Mama Saur bila aibu. "Yeye mwenyewe alisema hayana kazi tena."

"Nilisema kompyuta haisahau!"

"Basi ikumbushe, Baba Saur."

Rumondang akavuta pumzi. Akauliza kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake, sauti ya muuguzi: "Na nakala nyingine, mjomba? Kwenye diski nyingine, labda?"

"Nakala?" Mzee akashtuka kama aliyeambiwa aoe mke wa pili mbele ya mkewe. "Mpwa wangu, unajua nasaba ikiwa na nakala mbili inakuwaje? Huyu anabadilisha jina moja huku, yule anaongeza babu mmoja kule, baada ya miaka mitano tuna koo mbili zisizosalimiana. Nasaba ni moja! Diski ni moja!"

Niliona koo la Rumondang likimeza sentensi nzima, tena ndefu, yenye nukta na mikato.

"Na hii ulos, mjomba? Diski imeivaa tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Nilikuwa naandika utangulizi, nikaweka kiganja juu yake, nikasikia inatetemeka. Nikasema, mababu wote hawa humo ndani na baridi hii ya ziwani! Nikawavika ulos ya harusi yetu. Nikaendelea kuandika siku mbili, nao wamejifunika."

"Ikiwa imewashwa?"

"Imewashwa. Na ikapata joto vizuri sana," akasema mzee kwa fahari.

Enyi wasikilizaji, diski ya namna ile hutetemeka kwa sababu sahani zake zinazunguka. Hiyo ndiyo kazi yake, na kitu kimoja iombacho ni upepo. Huyu alikuwa ameipika kwa mapenzi siku mbili. Rumondang akala karanga moja, kisha ya pili, akitafuna polepole sana. Kama mteja angekuwa mtu mwingine yeyote, sauti yake ingesikika mpaka sokoni.

Akachomeka waya kwenye kompyuta yake, diski ikiwa bado ndani ya vazi lake. Tik, ikalia. Tik, tik, tik, kama kuku anayedonoa bati. Kwenye kioo jina lake likatokea, likapotea, likatokea, likapotea. Akaichomoa upesi. Akaigusa kwa mgongo wa mkono, akautoa mkono.

"Bado ina moto. Mjomba, naomba tuiondolee ulos kidogo tu."

Uso wa mzee ukabadilika. "Kuwavua mababu? Mtu akishavikwa ulos haivui, binti. Anayeivua anarudisha baraka ilikotoka. Tena niwavue hapa, mbele ya duka la majeneza?"

"Mimi sijasema neno," Monang akapaza sauti kutoka kwake.

Hapo ndipo wengi wangeshindwa. Fundi wa kawaida angebishana, mzee angechukua mababu zake akaenda nao nyumbani, nao wangeungua pale kitandani wakiwa wamefunikwa vizuri. Rumondang hakubishana. Alikwenda mpaka mlangoni, akatazama ziwa, akala karanga nne, nikazihesabu. Kisha akarudi, akasimama wima mbele ya mjomba wake, akaikusanya mikono yake kifuani, akanena kama wanenavyo watu kwenye karamu kubwa.

"Mjomba wangu, wewe ambaye baraka inatoka kwako, nisikilize mimi mpwa wako. Nilipomaliza shule, hakuna mjomba aliyekuja. Ndugu za mama wako mbali, na nauli ni ndefu kuliko barabara. Nilipofungua duka hili, watu walileta maua ya plastiki, lakini hakuna aliyenifunika mabega. Mama alipofariki nilisimama nina sweta. Leo mjomba amekuja mwenyewe, kwa mguu wake, na ulos mkononi. Nauliza tu, mjomba, kwa heshima zote. Mababu wamevishwa tangu enzi na enzi, kila karamu wanavishwa. Na mimi? Kati yao na mimi, nani mwenye baridi?"

Lo! Walikuwapo wazee wa maneno mji mzima, nawajua, nimewasikia miaka ishirini na miwili wakisema mpaka kahawa inapoa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutupa mkuki namna ile. Mzee Jahormat alivua kofia. Machozi yakamtoka bila ya kuomba ruhusa. Nami nilijua ni hila, na nilijua pia kwamba kila neno lilikuwa kweli, kwa sababu lile sweta nalikumbuka.

"Aibu yangu," akasema mzee. "Aibu yangu kubwa. Mababu nisameheni, huyu ndiye wa kuvikwa."

Na kwa mikono yake mwenyewe, hakuna mwingine aliyegusa, akaifungua ile ulos, akaitoa juu ya diski, akaikung'uta, akamzungushia Rumondang mabegani na kuikaza kifuani. "Uwe na afya, mwanangu. Uwe na wana wa kiume kumi na saba na wa kike kumi na sita!"

"Nitaanza na diski, mjomba," akasema Rumondang.

"Na samaki je?" Mama Saur akadakia. Yeye ni mtu wa mambo kamili. "Mjomba anamvika mpwa ulos bila samaki? Kitu gani hicho? Hicho kitambaa tu."

"Kweli, mama," shujaa akasema upesi, na nikaona macho yake yakiangaza nyuma ya miwani. "Ila naomba samaki aje na barafu yake yote."

Mama Saur akaenda sokoni na mwavuli wake, akarudi na sanduku la povu gumu, lile la kutunzia barafu, na ndani yake kambare-mamba sijui, la, nasema uongo, alikuwa samaki wa ziwani aitwaye kapu, mnene, mwenye magamba ya dhahabu, amelalia barafu iliyopondwa. Rumondang akamtoa samaki kwa mikono miwili, akamshukuru mjomba na mkaza mjomba, akamweka ndani ya beseni. Kisha akanigeukia mimi.

"Kaka Togar, sinia lako la bati."

"Lina vikombe."

"Vitoe."

Enyi watu! Sinia lile nililinunua mwaka niliofungua kibanda. Limebeba kahawa ya harusi na ya misiba, limepigwa na mvua, limekaliwa na mchungaji mmoja mnene kwa bahati mbaya, na halijawahi kupinda. Nililifuta kwa aproni yangu, nikalitoa kama mtu atoaye mwana wa kwanza kwenda jeshini. Rumondang akaliweka juu ya sanduku la barafu, akatandika kitambaa kikavu ili jasho la bati lisiiguse diski, maana maji ni adui kuliko hata moto, akailaza diski juu yake uchi kabisa, akaielekezea feni. Tukasubiri nusu saa. Hakuna aliyekwenda kazini.

Alipochomeka tena, diski ikavuma, ikasita, tik moja, tik ya pili, kisha ikatulia. Jina likatokea kwenye kioo, likabaki.

"Usishangilie, kaka Togar," akaniambia kabla sijafungua kinywa. "Hii inakufa. Tuna safari moja tu, haina kurudi. Nitachukua vilivyo vizima kwanza, vyenye majeraha tutavirudia mwisho."

Majina yakaanza kuvuka kuingia kwenye kompyuta yake. Kizazi cha kwanza kikavuka upesi, kwa kuwa alikuwa mtu mmoja na wake zake wawili. Cha pili, cha tatu, cha nne. Mzee Jahormat hakuweza kuvumilia. Furaha ilimpanda, akasimama kutoa hotuba ya shukrani, naye mtu wa kwetu akihutubu lazima mkono ufanye kazi. "Ndugu zangu!" akaanza, akaipiga meza. Tik tik tik tik! ikalia diski, na majina yakasimama mtoni.

Rumondang akauma mdomo. Akatazama dari. Mjomba hakemewi, lakini ashukuriwe Mungu, mjomba ana mke.

"Baba Saur!" Mama Saur akasema. "Kaa chini. Mikono mapajani. Mdomo nao ufunge."

"Nilitaka tu kusema..."

"Utasema Jumamosi."

Hapo likatokea jambo ambalo wajukuu zenu hawataliamini. Mtaa huu, ambao watu wake huitana kutoka ng'ambo ya barabara kuuliziana hali ya tumbo, ulinyamaza. Wacheza sataranji wakasogeza farasi wao kwa vidole viwili bila kuzigonga mbao. Mwenye pikipiki akaisukuma kwa mikono mpaka kona. Monang, aliyekuwa na jeneza la kumaliza, akaweka nyundo chini.

"Si una mteja?" nikamnong'oneza.

"Huyo hana haraka," akanijibu kwa mnong'ono, akaja kukaa nasi.

Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Jua lilipiga mapaa ya bati na feni yote ilikuwa ya diski. Rumondang aliketi ndani ya ile ulos nzito, jasho likimtiririka toka utosini mpaka kidevuni, macho kwenye kioo. Tone moja likakusanyika kwenye ncha ya pua yake, moja kwa moja juu ya diski, likanenepa, likaning'inia. Tuliliona sote na hakuna aliyethubutu kupumua. Mama Saur akainuka kimyakimya, akanyoosha leso, akalikamata tone lile kabla halijaanguka. Nasema, kuna majemadari waliopewa sanamu kwa kazi ndogo kuliko ile.

"Ivue, mwanangu," mzee akamnong'oneza. "Joto litakuua. Mimi niliyekuvisha nakuruhusu."

"Hapana, mjomba."

"Ni ruhusa yangu, haina kosa."

"Najua. Acha tu ikae."

Saa nane na nusu vizazi vyote kumi na vinane vya wanaume vilikuwa ng'ambo, salama, mchonga mawe angeweza kuja hata sasa hivi. Likabaki faili moja. Lilikuwa limeandikwa Mabinti. Rumondang akaligusa, na diski ikalia tik. Akaligusa tena. Tik, tik. Barafu ilikuwa imekwisha kuyeyuka, sinia langu lilikuwa vuguvugu, na yule samaki kwenye beseni alikuwa akitutazama kwa jicho moja kana kwamba amekwisha kukata tamaa kwa niaba yetu.

"Wanaume wamepona," mzee akasema taratibu. "Jumamosi itafanyika. Umejitahidi, mpwa wangu. Inatosha."

"Haitoshi, mjomba," akasema Rumondang, na hiyo, kwa hesabu yangu, ndiyo mara ya kwanza siku ile alipomkatalia. "Kaka Togar, barafu ya soda zako. Yote."

Nilikimbia. Mimi, mwenye goti bovu, nilikimbia. Tukajaza sanduku upya, tukakausha sinia, tukasubiri mpaka bati likawa baridi. Kisha akaishika diski kwa mikono yake miwili, akaigeuza chali, akaiinamisha kidogo upande wa kushoto, akaisikiliza kwa sikio, akaiinamisha tena, kama mtu atafutaye namna ya kumbeba mtoto asiyetaka kubebwa. Tik. Akaiinua kiasi cha ukucha mmoja. Ikanyamaza. Ikavuma.

"Mtu asiguse kitu," akasema bila kusogeza midomo. "Mama, bonyeza hapo, kitufe kikubwa."

Mama Saur, ambaye maisha yake yote hakuwa amegusa kompyuta, akabonyeza kwa kidole cha shahada, taratibu, kama abonyezaye papai kuona limeiva. Na mabinti wakaanza kuvuka. Robo saa alikaa hivyo, mikono hewani juu ya barafu, vidole vikigeuka rangi, ulos mabegani. Kioo kikaandika kwamba imekamilika. Pumzi moja baadaye diski ikalia mlio mrefu, mwembamba, ikanyamaza, na mpaka leo haijasema tena.

"Wamevuka wote?" mzee akauliza.

"Ngoja."

Akafungua faili. Mikono yake ilikuwa ya barafu, akaandika jina kwa kidole kimoja, akikosea mara mbili: Ruslina. Wakatokea saba. Wa kwanza aliuza vitunguu, na mzee alikuwa ameandika kwamba hana subira na wanunuzi. Wa pili alikuwa na pacha. Wa tatu alifariki mdogo. Wa nne alimkimbiza mwandishi kwa ufagio, akidhani ni mtu wa kodi. Alipofika kwa wa tano Rumondang akaacha kusoma kwa sauti. Basi nikasoma mimi juu ya bega lake, na msinilaumu.

"Ruslina, mshona nguo. Hutembea haraka hata akiwa hana pa kwenda. Nilimwuliza ana watoto wangapi. Akasema: ninaye mmoja, na amefungua redio zangu zote. Nikamwambia pole. Akasema: pole ya nini? Mbili kati ya hizo sasa zinasikika vizuri kuliko nilipozinunua."

Rumondang akavuta ncha ya ulos, akajifunika uso. Alilia ndani yake, mabega yakimtikisika, halafu nikasikia kwamba analia na kucheka pamoja. Mimi nililia wazi, sina wa kumficha. Hata Monang alijipangusa, akasema ni vumbi la mbao.

"Sasa namkumbuka!" mzee akapaza sauti, na safari hii aliipiga meza na hakuna aliyemzuia. "Alinipa mihogo! Akanifungulia redio nisikilize!"

Rumondang akafunua uso. Miwani ilikuwa imelowa, gundi imebanduka. Akamtazama mjomba wake muda mrefu, na nikaona ule ulimi wake ukirudi taratibu nyumbani kwake.

"Mjomba," akasema. "Nakala tatu."

"Lakini nasaba ni..."

"Tatu! Moja yako, moja ya mwanao Saur, moja inakaa hapa kwangu. Na hakuna kuivisha kitu! Siyo ulos, siyo sweta, siyo leso! Ikitetemeka, iache itetemeke! Siku mbili, mjomba! Mtu na akili zake, mwalimu wa jiografia!"

Tukasubiri mbingu zianguke. Mzee Jahormat akainamisha kichwa, akatabasamu kama mtoto. "Haya, mama," akasema. Na hapo ndipo mtaa ulipolipuka, horas ya kwanza, horas ya pili, horas ya tatu, mpaka mbwa wa bandarini wakajibu.

Hivyo ndivyo watu elfu moja mia nane arobaini na sita walivyovushwa bila kupotea hata mmoja. Niliandika siku hiyohiyo kwa chaki ukutani pangu, chini ya orodha ya vitafunio, siku na saa na jina la fundi, na mwishoni nikaongeza sinia. Wenye kiasi husoma wakacheka. Waache wacheke.

Saa tisa na nusu Rumondang alifunga duka, akachukua beseni la samaki, maana Mama Saur alisema samaki wa baraka hapikwi na mtu peke yake. Niliwatazama wakiondoka juani, yeye mbele hatua kumi, ulos bado mabegani, wale wazee wawili wakimkimbilia nyuma na mwavuli.

"We mtoto!" Mama Saur akaita. "Unakimbilia wapi? Nyumba yetu huku!"

Rumondang akageuka, akacheka. "Sikimbilii popote, mama," akasema. "Ndivyo tunavyotembea sisi."